Kisaidizi Kinachouliza

Vijana wa kitengo wameniomba niandike nilivyofanya kazi, kabla sijasahau. Nimewaambia kusahau si tatizo langu. Tatizo langu siku zote limekuwa kinyume chake. Nilikabidhi funguo za ofisi wiki tatu zilizopita na bado kila asubuhi najiuliza kama ule wa kabati la chini niliuzungusha mara mbili. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara zimo kwenye jalada langu, na hazina ladha. Nitaeleza siku za mwanzo, na ukurasa mmoja wa mwongozo ambao nusura uwanyime watu ardhi, ingawa kila neno lililokuwamo lilikuwa la kweli.

Nilifika Kilosa nikitoka chuoni moja kwa moja, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yanafungwa na kuuzwa, na maduka ya mjini yakianza kujaa vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kujuana. Shamba moja kubwa la mkonge upande wa Zombo lilikuwa limefungwa. Mitambo iling'olewa ikapelekwa nisikokujua, na waliokuwa wakata mkonge wakabaki kwenye kambi zao, wakilima mahindi katikati ya mkonge ulioachwa uote utakavyo. Ikaamuliwa sehemu ya shamba wagawiwe wao. Ukaanzishwa mradi wa kuandikisha kila familia na kipande chake, na mradi ukaja na kompyuta mbili. Moja ilikaa Kilosa. Nyingine ilikaa Mikumi, kwenye chumba tulichopanga katika nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, ambako malori yalipopita meza ilitetemeka na kioo cha kompyuta kikatetemeka nayo.

Programu ya kuandikishia tuliiita Daftari. Mimi niliajiriwa kuitunza na kuandika mwongozo wake.

Siku ya kwanza sikugusa kompyuta. Nilipokelewa na Mzee Kaniki, mkuu wa masjala, mtu aliyekuwa karani maisha yake yote na ambaye kalamu zake za rangi zilipangwa mezani kama askari. Nilimwamkia shikamoo, nikahisi hakusikia, nikamwamkia tena. Akaitikia marahaba mbili, akaniambia shikamoo ya tatu nimwekee kesho. Kisha akanipa jalada nene na kuniamuru niandike namba kwenye kila karatasi, pembeni juu, kwa wino mwekundu. Kazi hiyo ilinichukua mpaka saa tisa. Nilipokosea namba moja nilimwendea nikiwa nimeshapanga maneno ya kujitetea.

Mzee Kaniki aliikata ile namba kwa mstari mmoja, akaandika sahihi yake pembeni. Akanifundisha kanuni ambayo kwake ilikuwa kama ibada: karatasi ikishaingia kwenye jalada haitoki. Ikikosewa haing'olewi. Inabaki ilipo, kila mtu aione, na juu yake unaandika nini kimekuja kuichukua nafasi. Nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa nusu ya kwanza.

Mwongozo wa Daftari nao ulikaa kwenye jalada, nakala moja Kilosa na nyingine Mikumi. Kila ukurasa ulikuwa folio yenye namba, sahihi na muhuri. Folio ya kumi na nne ndiyo iliyoeleza kazi ya kila Ijumaa. Mikumi waliandikisha watu wao, wakatuma disketi Kilosa. Sisi tuliunganisha, tukawarudishia disketi yenye Daftari zima, nao wakaliingiza kwenye mashine yao kwa kutumia programu ndogo ya kusaidia, tuliyoiita kisaidizi. Disketi zilisafiri na dereva wa Landrova ndani ya kopo la biskuti, kwa sababu ya vumbi. Kopo lile ndilo chombo pekee cha mradi ambacho hakikuharibika hata mara moja.

Kisaidizi kile cha zamani kilifanya kazi ya kijinga kwa uaminifu mkubwa. Kilichukua kilichokuwa kwenye disketi na kukimwaga juu ya kilichokuwa kwenye mashine. Mwanzoni hakukuwa na ubaya, maana Mikumi walipotuma disketi walisubiri irudi ndipo waendelee. Lakini foleni ikakua. Mama Zuhura, karani wetu wa Mikumi, akawa anaandikisha kila siku, disketi ikiwa njiani. Maana yake, siku disketi ya Kilosa itakapoingizwa kwa njia ile ya zamani, kila jina aliloliandika katikati litafunikwa na kupotea.

Niliiona hatari hiyo mapema. Kwa mtu mwenye wasiwasi, kuona hatari si kipaji, ni kawaida ya kila siku. Nikawaomba waliotutengenezea programu watupe kisaidizi kingine, nao wakatuma kipya, kizuri kweli. Hiki kililinganisha mstari kwa mstari, na kilipokuta jina lililopo kwenye mashine lakini halipo kwenye disketi, kilisimama na kuuliza kabla ya kufanya lolote. Nilikijaribu siku nzima. Nikaridhika. Nikakaa chini kuandika ukurasa wa kukipendekeza.

Niliuandika mara kumi na moja. Shida yangu ilikuwa Mama Zuhura. Alikuwa na umri wa mama yangu, alipiga chapa ofisi ya shamba la mkonge tangu mimi sijaanza shule, na nilipokwenda Mikumi alinipakulia wali kabla hajaniuliza nimefuata nini. Mtu huyo nitamwandikia vipi "acha hiki, tumia hiki", kama ninayemtuma dukani? Nikaandika "tumia", nikafuta. Nikaandika "unaombwa utumie", ikaonekana ya kinyonge. Mwisho nikaandika kwamba, ikiwezekana, inashauriwa kutumia kisaidizi kipya. Kisha, ili nisionekane nashauri bila sababu, nikaongeza aya nne za kueleza kwa nini ni bora. Nilizipenda sana zile aya. Ukurasa ukapewa namba, folio ya sitini na mbili, ukasafiri Mikumi kwenye kopo la biskuti, nami nikalala vizuri.

Uandikishaji ulifungwa Ijumaa moja. Orodha ilitakiwa isomwe mbele ya watu Jumamosi ya wiki iliyofuata, uwanjani Zombo, na utaratibu ulijulikana kwa kila mtu: kipande kitakachosomwa bila jina ni kipande wazi, na kipande wazi kitapewa waombaji wengine. Waombaji hao hawakuwa wa kambini. Walikuwa watu wa mjini wenye haraka, na baadhi yao walishaanza kutembelea lile shamba wakipima kwa hatua.

Jumatatu nilichapa orodha ya majaribio. Printa ile ilikuwa na kelele za mashine ya kusaga, na nilisimama juu yake nikisoma mstari baada ya mstari. Upande wa Zombo ulianza vizuri. Kisha namba za vipande zikaendelea kushuka na mahali pa majina pakawa peupe. Peupe tena. Kambi mbili nzima hazikuwamo, wale wote walioandikishwa wiki ya mwisho, foleni ilipokuwa ndefu kuliko zote.

Nilikaa chini. Nilifikiri kwanza kwamba printa imekosea. Kisha nikafikiri disketi imeharibika. Kisha nikafikiri niandike barua ya kuacha kazi, na nikaanza hata kupanga tarehe. Nilipochoka kufikiri nikampelekea Mzee Kaniki zile karatasi.

Hakuuliza nani kakosa. Aliweka jalada la mwongozo mezani, akafungua folio ya kumi na nne, akaweka kalamu hapo. Akafungua ya sitini na mbili, akaweka kalamu nyingine. Akasoma zote mbili polepole, kidole kikifuata mistari. Ile ya zamani ilikuwa na mistari mitano: washa, weka disketi, andika hivi, bonyeza hapa, ngoja. Chini yake muhuri. Ile yangu ilijaa mpaka ukingoni, na muhuri nilikuwa nimeusahau.

"Binti yangu," akasema, "ungekuwa wewe, una watu hamsini mlangoni, ungefuata ipi?"

Akafunga jalada. Akaniambia kesho asubuhi kuna Landrova.

Njia nzima ya kwenda Mikumi nilijitayarishia maneno. Nusu yangu ilitaka kumwambia Mama Zuhura kwamba niliandika, ukurasa upo, alipaswa kuusoma. Nafsi ikiwa na hofu hutafuta mtu wa kumtupia lawama, na aliye mbali ndiye rahisi. Nilimkuta amekaa mbele ya mashine, mikono mapajani. Simu ya upepo ya wilaya ilikuwa imeshamfikishia habari. Nilimwamkia, akaitikia, na safari hii hakupakua chochote.

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini kuliko nilivyokusudia, kama folio ya sitini na mbili ilimfikia.

"Imenifikia. Nimeisoma yote, mwanangu, na zile sababu zako zote. Nikakijaribu hicho kipya chako."

"Alikijaribu?" aliuliza dereva, aliyekuwa mlangoni na hakuhusika.

"Nimekijaribu mimi hapa hapa," akasema Mama Zuhura bila kumtazama. "Kikaniuliza. Kwa Kiingereza. Nikaona jina la mtu niliyemwandika jana, na pembeni lile neno lililoko kwenye kitufe cha kufutia. Nikasema hiki kinataka kufuta watu. Nikabonyeza cha kutokea, nikarudi kwenye kile cha siku zote. Kile hakiulizi."

Lori likapita nje, meza ikatetemeka.

Kila alichosema kilikuwa sawa. Kisaidizi kipya kilikuwa kinamuuliza kama jina lifutwe, na alitakiwa kujibu hapana, herufi moja tu, jina likabaki. Katika aya zangu nne sikuwa nimeandika popote kwamba swali litakuja, wala linasemaje, wala ajibu nini. Mimi nililiona mara nyingi siku ile ya kujaribu, nikalijibu bila kufikiri, likawa kwangu kama si swali. Yeye alipotaka kuwaokoa watu wasifutwe, akakimbilia kile kinachofuta bila kuuliza, na disketi ya mwisho aliyotutumia ikaja bila majina yao. Nami nilikuwa nimempa ruhusa, kwa sababu niliandika ikiwezekana.

"Uliniandikia ikiwezekana," akasema. "Nikaona haiwezekani. Watu walikuwa mlangoni."

Nikamwambia kosa ni langu. Nilitegemea nitajisikia vibaya zaidi baada ya kulisema, lakini nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo. Mama Zuhura alinitazama kidogo, akasema kosa tutaligawana baadaye, kwanza tuwatafute watu. Fomu zenyewe hakuwa nazo. Mwongozo ulitaka zibaki ofisini, lakini watu wa kambi walikataa kuziacha. Shamba lilipofungwa, kadi zao za kazi zilifungiwa ndani ya ofisi na hazikuonekana tena, wakaapa hawataacha karatasi nyingine kwenye ofisi ya mtu. Basi alipomaliza kuingiza kila fomu aliigonga muhuri na kumrudishia mwenyewe. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote Kilosa, akiogopa ataonekana amevunja utaratibu.

Jumatano tulikuwa kambini, yeye na mimi, na daftari la karatasi. Landrova ilitushusha njia panda, tukaazima baiskeli mbili, na yeye aliendesha vizuri kuliko mimi. Karatasi zilitoka kwenye masanduku ya bati, chini ya magodoro, ndani ya Kurani na ndani ya vitabu vya nyimbo. Mama Zuhura alisoma, mimi nikaandika. Kila nyumba ilitaka kujua kwa nini tunaandika tena kilichokwisha andikwa, na kila nyumba Mama Zuhura alijibu kwamba mashine imesahau, tunaikumbusha. Sijawahi kusikia maelezo bora ya kupotea kwa data.

Alhamisi mchana tulifika kwa Mzee Lusiani. Baba yake aliletwa kutoka mbali kukata mkonge enzi za manamba, na yeye mwenyewe alizaliwa kambini, akakata mkonge, akazeeka nao. Vidole vyake viwili havikukunjuka. Alitukaribisha, akaingia ndani, akatoka na fomu yake ndani ya mfuko wa plastiki wa maziwa. Niliponyoosha mkono kuipokea, hakuiachia.

"Shikamoo, Mzee. Nataka niisome tu."

"Marahaba. Isome ikiwa mkononi mwangu."

Nikainama nikaisoma vile vile, naye ameishika ncha zote mbili. Kidole chake kimoja kilifunika namba ya kipande, nikamwomba anisomee, akasema hajui kusoma ila namba hiyo anaijua. Akaitaja. Akanionyesha na kipande chenyewe, ng'ambo ya mtaro, ambapo alishakata visiki vitatu vya mkonge bila kibali cha mtu. Nikamuuliza kwa nini hakungoja orodha isomwe.

"Nilingoja ya kwanza," akasema. "Ile ya kiinua mgongo."

Sikuandika jibu hilo kwenye daftari, lakini ndilo lililonikalia kichwani jioni yote.

Ijumaa asubuhi Mama Zuhura alikaa kwenye mashine na majina yote. Nilivuta kiti nikakaa kando yake, si kumfundisha. Nilishika kalamu. Tuliingiza majina, kisha tukakiita kisaidizi kipya na disketi ya Kilosa, na kila mkono wake uliposita niliandika mahali uliposita na sababu. Swali likatokea. Akasita. Nikaandika swali lenyewe herufi kwa herufi, kisha chini yake: bonyeza N, jina litabaki. Likatokea tena kwa jina la pili. Akabonyeza mwenyewe. La tatu, hakunitazama. Kufikia la kumi alikuwa anabonyeza huku akimwelekeza mteja wa nyumba ya wageni kilipo choo.

Ukurasa mpya, folio ya sitini na tatu, ulikuwa na mistari saba na haukuwa na sababu hata moja. Ulianza na neno "Tumia". Nilimwonyesha Mama Zuhura lile neno, nikiwa tayari kuomba radhi, akanishangaa.

"Sasa ungesemaje? Hiyo ndiyo heshima. Mtu ana foleni, mwambie afanye nini."

Mzee Kaniki alinimalizia nusu ya pili ya somo lake. Kwenye folio ya kumi na nne, nakala zote mbili, alipiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, akaandika: imefutwa, usitumie, tazama folio ya sitini na tatu. Folio ya sitini na mbili nayo ikapata mstari wake. Aliacha maneno yote yasomeke. Nilijaribu kumwomba ile ya sitini na mbili tuing'oe tu, kwa kunisitiri. Akanitazama kama niliyemwomba aile.

Nimebadilisha visaidizi vingi tangu siku hizo, na miongozo mingi. Daftari lenyewe liliondoka, disketi zikaondoka, zikaja programu ambazo hata jina la kuziita hatukukubaliana. Kazi imebaki ile ile. Ukitaka watu waache chombo cha zamani, nenda kwanza kwenye ukurasa wa zamani, kwa sababu ndiko watakakofungua. Na kabla hujaandika uzuri wa chombo kipya, kaa karibu na atakayekitumia, utazame mkono wake unaposita. Ninyi mnaodhani nilikuwa na kipaji cha kuandika mtanisamehe: miaka yote hiyo niliwafuata tu makarani huku na huko kama mkia.

Jumamosi tulikwenda Zombo na orodha iliyochapwa Kilosa alfajiri, disketi ya Mikumi ilipofika. Watu wa mjini walikuwapo, wamesimama upande wa kivuli, na mmoja alikuwa na kamba ya kupimia shingoni. Mtendaji wa kata alianza kusoma. Mimi nilisimama nyuma yake nikifuata kwa kalamu, na nilikuwa nimeshafikiria namna ishirini ambazo kazi bado ingeweza kuharibika. Kambi ya kwanza ikaisha, hakuna peupe. Kambi ya pili ikaanza. Wale wa kivulini walianza kunong'onezana. Mtendaji akageuza karatasi, akataja namba ya kipande, akataja jina la Mzee Lusiani.

Mzee Lusiani alisimama. Aliomba isomwe tena, namba na jina, akasikiliza huku ameshika fomu yake kifuani. Mtendaji akasoma tena. Mzee akaitikia kwa kichwa, akauingiza ule mfuko ndani ya shati, akaokota panga lake lililokuwa chini ya miguu yake, na akaondoka uwanjani kuelekea ng'ambo ya mtaro, orodha ikiwa bado haijafika nusu.